Gemu la zombi la kununua ukitaka kulirudia: orodha yangu, kwa jaribio la mtaa wa kwanza

Saa ya 31. Naijua kwa sababu gemu lenyewe huandika muda pembeni ya sevu, ile rekodi ya mahali ulipofikia. Nilikuwa nimerudi mtaa wa kwanza kabisa, pale hadithi inapoanzia, kumchukulia mzee mmoja dawa alizoziacha garini. Mlangoni mwa gereji alisimama zombi niliyemkumbuka vizuri: ovaroli ya bluu, bega la kushoto limening'inia. Siku ya kwanza nilimtandika bomba la chuma mara nne akaenda chini. Sasa nilikuwa levo ya 24, mkononi nina shoka linalowaka moto, na pointi sita nzima nilikuwa nimezimwaga kwenye nguvu za mkono. Nikampiga. Moja. Mbili. Tatu. Nne. La tano ndilo lililomlaza.

Mdogo wangu alikuwa pembeni anasubiri zamu yake. "Dada, huyu si yule yule wa mwanzo?"

Ndiye.

"Sasa mbona amekuwa mgumu kuliko mwanzo?"

Sikuwa na jibu mpaka nilipomsogelea zombi mwingine na kusoma kinamba kidogo juu ya kichwa chake: 24. Kila nilipopanda, na wao walipanda. Saa zote 31 nilizokuwa nakusanya pointi, nakarabati silaha na kuusoma mti wa ujuzi, ile ramani ya uwezo unaonunuliwa kwa pointi, usiku wa manane, nilikuwa natwanga maji kwenye kinu.

Gemu hilo silitaji, kwa sababu kosa hili si la gemu moja. Ila nililinunua toleo la bei ya juu, lile lenye kifurushi cha silaha za dhahabu, na silaha hizo zilikuwa za levo ya chini. Kufikia jioni ya siku ya pili kila zombi alikuwa amezipita. Nikaomba kurudishiwa pesa. Duka likanijibu kwamba muda wa kurudisha umepita, maana nimeshacheza saa nyingi. Kasoro hii haionekani ndani ya saa chache za mwanzo. Inaonekana saa ya 20, saa ya 30, siku unaporudi ulikotoka. Mwenye duka anajua hivyo, na mwenye gemu anajua zaidi.

Kwa hiyo mwongozo huu hautakuambia lipi lina michoro mizuri wala lipi lina sauti za kutisha. Hayo yameandikwa sana na yanaonekana kwenye trela. Mimi nauliza swali moja: ukirudi mtaa wa kwanza baada ya saa 20, zombi wa pale atakuonaje? Na ukimaliza gemu ukaanza tena, unarudi ukiwa mtu mwingine au unarudi ukiwa yule yule aliyechoka?

Kwanza nieleze inavyofanya kazi, kwa sababu wengi wanaiona bila kuijua. Mwanzoni silaha yako, tuseme, inatoa madhara 100 na zombi ana uhai 400. Mapigo manne. Baadaye silaha inatoa 1,000 na zombi ana uhai 5,000. Mapigo matano. Namba kwenye skrini zimekua mara kumi, sauti ya kupanda levo imelia mara ishirini, mwanga wa dhahabu umewaka, na mkono wako umedhoofika. Watengenezaji wana sababu yao, na ninaielewa. Ulimwengu ukiwa mpana na mchezaji yuko huru kwenda popote, eneo la mwanzo litakuwa jepesi mno na la mwisho litakuwa gumu mno. Kuwapandisha maadui pamoja na mchezaji ndiyo njia rahisi ya kuifanya ramani yote iwe na kazi muda wote.

Lakini zombi si jambazi wala joka. Zombi ni maiti inayotembea. Hajifunzi, hafanyi mazoezi, hanunui silaha. Katika vita hii yote, anayeweza kuwa bora kesho kuliko leo ni binadamu peke yake, na hapo ndipo utamu wa magemu haya ulipo. Ukimpa maiti levo, umeniibia kitu pekee nilichokuwa nacho yeye hana.

Si kila ugumu unaopanda ni dhambi. Kwenye sehemu ya zombi ya gemu la vita la Call of Duty, zile raundi za zamani, tangu mwaka 2008, zombi wa raundi ya kwanza ana uhai 150 na kila raundi anaongezewa 100 mpaka raundi ya 9, kisha asilimia 10 kila raundi. Kisu kinachoua kwa pigo moja raundi ya kwanza hakiui raundi ya pili. Huo ni mkataba wa wazi: raundi inasonga, umeambiwa, kimbia. Tatizo ni gemu linalokuuzia safari ya kukua halafu linaipanda ngazi ile ile kimyakimya nyuma yako.

Sasa orodha. Nafasi mbili za juu ni za Capcom. Naipenda kampuni hii kwa magemu ya zombi na sitaficha, kwa sababu tangu mwaka 1996 imekuwa ikielewa kwamba kurudia gemu ni sehemu ya gemu lenyewe.

1. Dead Rising

Lilitoka mwaka 2006, na mwaka 2024 likatengenezwa upya kwa jina la Dead Rising Deluxe Remaster. Frank West, mpiga picha wa habari, anashuka kwa helikopta kwenye jumba la maduka la mji wa Willamette na ana saa 72 kabla helikopta haijarudi kumchukua. Saa hizo 72 ni kama saa 6 za kwako. Saa haisimami. Kesi kuu, yaani hatua za hadithi, zina muda wake, manusura wana muda wao, na ukichelewa umechelewa.

Mara ya kwanza utashindwa. Frank anaanza na vipande 4 vya uhai na nafasi 4 za kubebea vitu, na ngumi zake hazina maana. Otis, mfagizi wa jumba, anakupigia redio kukuambia kuna watu wamekwama upande wa pili wa jumba, unatoka, unaumwa, unakufa. Hapo gemu linakupa chaguo ambalo sijaona likifanywa vizuri zaidi popote: rudi kwenye sevu yako, au anza hadithi upya ukiwa na levo yako yote. Unaanza upya. Korido ile ile, mazombi wale wale, uhai wao ule ule. Wewe una vipande 7, una nafasi za kutosha, umejifunza kuruka teke na kumtupa zombi mgongoni. Zaidi ya hayo, unajua. Unajua mchekeshaji mwenye misumeno miwili midogo yuko wapi, na kwamba ukimshinda unaichukua, na kwamba vitabu vitatu kutoka maduka ya mle ndani vikiwa mfukoni vinaufanya msumeno huo udumu mara nyingi zaidi.

Hilo ndilo jaribio la mtaa wa kwanza likiwa ndilo gemu zima. Usiku mazombi macho yanakuwa mekundu na wanakuwa wakali, ndiyo, lakini ni usiku uliowafanya hivyo. Levo yako haiwahusu.

Pointi za kupandia levo unazipata kwa kuua, kuokoa watu na hata kupiga picha nzuri, kwa hiyo hakuna saa inayopotea. Mwisho wa hadithi si mmoja, kuna kadhaa kulingana na kesi ulizofuatilia. Kuna watu waliolirudia mpaka wakaua mazombi 53,594 kwa mkupuo mmoja, idadi ya wakazi wa mji ule, ili wapate nishani yake.

Nunua toleo la 2024 kama mashine yako inalimudu. La zamani lilikuwa na manusura wasiosikia unachowaambia. Unawaita mlangoni wanabaki kupigana na ukuta. Wamerekebishwa, na gemu sasa linajisevu lenyewe. Wapenzi wa la zamani wanasema limelainishwa. Kwa anayenunua mara ya kwanza, laini hiyo ni ya haki.

2. Resident Evil 2, lile la 2019

Hapa hakuna levo hata moja. Hakuna pointi, hakuna mti wa ujuzi, na zombi ukimuua hadondoshi chochote. Maendeleo yako yapo kwenye ramani. Chumba ambacho bado kina kitu hakijachukuliwa huwa chekundu. Ukikimaliza chote kinageuka bluu. Kituo cha polisi, ambako sehemu kubwa ya hadithi inatokea, unakigeuza chumba kwa chumba, na kila funguo unayoipata inafungua njia ya mkato kurudi ulipoanzia. Korido uliyoivuka kwa kunyata na risasi tatu, saa mbili baadaye unaivuka mbio, dirisha umelizibia mbao, na zombi mmoja uliyemwacha hai umeshamjua anapolala.

Wahusika wa kuchezea ni wawili, Leon na Claire. Unamaliza kwa Leon, unaanza kwa Claire, au kinyume chake, na mzunguko wa pili unaanzia mahali pengine na kuvihamisha vitu. Ukimaliza kwa daraja la juu unapewa silaha zenye risasi zisizokwisha. Mara ya kwanza nilichukua usiku kadhaa. Sasa nalimaliza kwa kikao kimoja, na bado nalicheza.

Lazima niseme ukweli kuhusu kipenzi changu. Kwenye ugumu wa kawaida gemu hili hukupima kimyakimya: ukicheza vizuri, mazombi wanakaza kidogo, ukiumia sana, wanalegea. Ni binamu wa kasoro ninayoilalamikia. Ninalisamehe kwa sababu linapanda na kushuka, na kwa sababu kwenye ugumu wa Hardcore zombi ni mgumu tangu dakika ya kwanza na kusevu kunataka utepe wa wino wa taipureta, kwa hiyo mnakutana mkijuana. Ukitaka daraja la juu kabisa pale, usisevu zaidi ya mara 3. Jaribu siku moja. Utaona mikono inavyotoka jasho mbele ya taipureta.

Capcom hao hao mwaka 2002, walipolitengeneza upya Resident Evil la kwanza, waliweka zombi anayerudi akiwa mwekundu na mwenye mbio. Lakini anayerudi hivyo ni yule uliyemuua ukamwacha sakafuni bila kumchoma kwa mafuta ya taa wala kumvunja kichwa. Amekuwa mkali kwa uzembe wako. Hiyo nakubali kwa mikono miwili.

3. Project Zomboid

Linaonekana kama gemu la zamani, ukiliangalia kutoka juu kwa upande, na trela yake haitakushawishi. Kompyuta tu. Lakini kwa kurudia sijui linaloliweza. Unaishi Kentucky, maji na umeme vitakatika siku usiyoijua, na utakufa. Gemu linakuambia hivyo kabla hujaanza.

Ujuzi unaupata kwa kutenda: useremala kwa kupiga mbao, upishi kwa kupika. Siku za mwanzo televisheni bado inarusha vipindi na ukivitazama unajifunza, kwa hiyo anayejua hukimbilia sebule yenye televisheni badala ya duka la bunduki. Mazombi hawajui ujuzi wako umefika ngapi. Kwa mipangilio ya kawaida idadi yao huongezeka mpaka siku ya 28, basi. Anayekuuma siku ya 90 ni laini kama wa siku ya 1, na anakuuma vile vile. Mipangilio yenyewe unaweza kuibadilisha unavyotaka kabla ya kuanza.

Ninalolipendea zaidi: ukifa, unaweza kutengeneza mtu mpya na kumweka kwenye ulimwengu ule ule. Nyumba niliyoizungushia uzio kwa wiki tatu ipo. Bustani ipo, inahitaji maji. Na mtu wangu wa zamani yupo jikoni anatembea polepole, amevaa koti nililomshonea viraka, begi langu mgongoni. Ilibidi nimuue kwa kisu cha siagi, kwa sababu ndicho pekee nilichokuta njiani, kisha nikachukua begi langu. Pointi zote za ujuzi zilikwenda na yeye. Kitu kilichobaki ni nyumba, na nyumba ilitosha.

4. Days Gone

Watu wanalisema vibaya kwa kuwa hadithi yake inachelewa kukolea. Mimi nalisifia kwa sababu linafaulu jaribio langu kwa alama zote. Mwanzoni pikipiki yako ina tangi dogo, petroli inakwisha katikati ya msitu wa Oregon, na ukikutana na kundi kubwa, mamia wakimiminika kama maji yaliyovunja bwawa, huna la kufanya ila kukimbia. Kundi hilo lina makao. Mchana linalala pangoni, usiku linatoka kutafuta chakula na maji. Unalijua, unalizunguka, unapita mbali kwa saa 25. Halafu siku moja una chupa za moto za kutosha, una mabomu ya kuwavuta, tangi limejaa na umeshapima uwazi wa kukimbilia. Unarudi. Kundi lile lile, uhai ule ule. Sijawahi kusikia moyo ukinidunda kwenye gemu kama siku hiyo.

Ni la nne na si la kwanza kwa sababu kurudia ni kuzito. Kuanza upya ukiwa na vifaa vyako kuliongezwa miezi michache baada ya gemu kutoka mwaka 2019, ila hadithi ni ndefu na haibadiliki. Litakupa mzunguko mmoja mtamu sana, na wa pili baada ya mwaka.

5. State of Decay 2

Hapa huongozi mtu mmoja, unaongoza jamii nzima, na anayekufa amekufa. Kila manusura ana ujuzi wake unaokua kwa kuutumia. Ukimaliza hadithi ya kiongozi uliyemchagua, awe mjenzi, mfanyabiashara, sherifu au mbabe wa vita, unapata zawadi ya kubeba kwenye jamii mpya, na unaweza kuanza tena na hadi watu 3 uliowalea. Sijui gemu jingine linalofanya kuanza upya kufanane na kuhama. Unakaa nusu saa unachagua wa kwenda naye na wa kumwacha. Ugumu unauchagua mwenyewe kabla ya kuanza, kwa ramani nzima, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kasoro ni hitilafu. Magari yanaingia ardhini, milango inakataa. Zimepungua tangu 2018 lakini hazijaisha.

6. Dying Light, lile la kwanza

La 2015, nasisitiza. Unaanza ukikimbia juu ya mapaa ya mji wa Harran kwa pumzi ya mtu mzito, na ngazi tatu za ujuzi, manusura, nguvu na wepesi, zinakua kila moja kwa matendo yake. Usiku pointi za nguvu na wepesi ni maradufu, na usiku ndio wanaotoka wale wa kuua. Hiyo ni bei ya haki: hatari zaidi, malipo zaidi, na uamuzi ni wako. Ukifika levo ya 12 ya manusura unapewa ndoano ya kamba, na mtaa uliokuwa ukiuzunguka kwa woga unauruka kwa pumzi moja.

La pili, la 2022, ndilo lililonivunja moyo. Namba za levo zikatokea pembeni ya mazombi. Na kama unanunua ili ucheze na mwenzako, jua kwamba mnapocheza pamoja hadithi inasonga kwa mwenyeji tu. Mgeni anabaki na pointi na vitu alivyookota, akirudi kwake anakuta hadithi palepale alipoiacha. Hilo liandikwe kwa herufi kubwa ukurasa wa mauzo. Haliandikwi.

7. Left 4 Dead 2

Halina maendeleo kabisa. Humiliki chochote, hupandi popote, kila mzunguko unaanza na bastola. Lipo hapa kwa sababu ya ule mfumo unaoangalia mnavyoendelea na kuamua mazombi watokee wapi na lini, kwa hiyo njia mliyoipita jana leo si ile. Lilitoka Novemba 2009, na Septemba 2020 wachezaji wenyewe wakalitolea sasisho kubwa lenye ramani mpya. Watu wanne waliozoeana hawahitaji zaidi. Ukicheza peke yako, lipite.

8. 7 Days to Die

Kila siku ya 7 mwezi unakuwa mwekundu na wanakuja kubomoa ulichojenga. Gemu hupiga hesabu ya levo yako na siku ulizoishi, kisha linakuletea mazombi kwa kipimo hicho. Nalishusha kwa hilo. Silitupi nje kwa sababu ukuta wa zege unabaki ukuta wa zege, na unauona umeshikilia. Lilikaa kwenye matengenezo ya wazi, yaani likiuzwa huku bado linajengwa, tangu Desemba 2013 hadi Julai 2024, na muda wote huo njia ya kujifunza ujuzi ilibadilishwa tena na tena, kwa hiyo mwongozo wowote wa zamani utakaoukuta utakupoteza.

9. Dead Island 2

Uharibifu wa miili wa humu hauna mpinzani, tabaka kwa tabaka, na mapigano yana uzito. Lakini mazombi hawakuachi mbali, ukipanda, wanapanda. Silaha uliyoipenda inaachwa nyuma, na kwenye meza ya fundi unalipa pesa za gemu ili ifikie levo yako. Fikiria hilo vizuri. Unalipa ili panga lako libaki vile lilivyokuwa jana. Kuanza upya ukiwa na vitu vyako hakukuwepo lilipotoka Aprili 2023, kukaletwa mwaka 2024. Linunue likiwa na punguzo, licheze mara moja, lifurahie, uliache.

Back 4 Blood na World War Z wasomaji huniuliza kila mara. La pili ni zuri kwa kundi: kila fani inapanda mpaka levo ya 30 na ugumu mnauchagua wenyewe. La kwanza lilipotoka Oktoba 2021 anayecheza peke yake hakuwa akipata maendeleo yoyote, mpaka sasisho la Desemba mwaka huo. Limerekebishwa, ila mimi nimelikumbuka kwa hilo.

Bajeti ikiwa ndogo kabisa: Plants vs. Zombies la 2009. Hatua 50, ukimaliza unazirudia huku jirani yako akikuchagulia mimea mitatu. Linatosha.

Sasa niwaseme wauzaji, kwa sababu hili limenikaa kooni. Ukurasa wa mauzo utakuambia saa ngapi za kucheza, silaha ngapi, mavazi mangapi. Hautakuambia kama adui anapanda levo na wewe, na hiyo ndiyo habari inayoamua kama saa hizo zote zina maana. Kisha kuna matoleo: la kawaida, la kifahari, la mwisho kabisa. Tofauti yake mara nyingi ni silaha za mwanzo, na kwenye gemu ambalo maadui wanapanda, silaha ya mwanzo inakufa siku ya kwanza. Wanakuuzia kitu wanachojua kitaoza kabla hujakizoea. Wengine wanauza hadi vidonge vya kuongeza kasi ya kupanda levo, kwa pesa halisi, kwenye gemu ambalo kupanda levo kunawapandisha na mazombi. Nimesoma maelezo ya kifurushi kimoja cha namna hiyo mara tatu nikitafuta mtu anachopata. Anapata kufika haraka kwenye namba kubwa.

Usilipie toleo la juu la gemu la zombi wiki linapotoka. Subiri. Magemu haya hushushwa bei, na mengi ya niliyoyataja yalikamilika miezi au miaka baada ya kutoka, na hata uwezo wa kuanza upya na vitu vyako mara nyingine ulikuja baadaye. Aliyelipa bei kamili mapema ndiye aliyepata gemu pungufu.

Na kabla hujalipa, fanya hivi. Tafuta video ya mtu aliyefika mbali, saa ya 20 na kuendelea, kisha ruka mpaka mahali anaporudi eneo la mwanzo. Angalia juu ya vichwa vya mazombi kama kuna namba. Kama zipo, zilinganishe na levo yake. Kisha hesabu mapigo kwa zombi wa kawaida asiye na kofia wala silaha. Chukua video nyingine ya saa ya kwanza, hesabu tena. Dakika kumi. Mimi sikuzitumia dakika hizo, nikapoteza saa 31 na pesa ya toleo la dhahabu.

Mdogo wangu amehamia Dead Rising. Yuko mwanzo wa nne. Jana aliingia bustani ya katikati, pale wafungwa waliotoroka wanapozunguka na gari lenye bunduki ya mashine, mahali palipomuua mizunguko mitatu mfululizo. Hakunisemesha. Alisimama mlangoni, akaangalia saa ya gemu, akasikiliza gari lipite upande wa kushoto, kisha akakimbia moja kwa moja mpaka ng'ambo na manusura wawili nyuma yake. Ndipo akaniwekea pedi mapajani akaenda kunywa maji.